Mwaka mmoja nje ya ofisi: hesabu zangu zote, hata zile za aibu

Leo sina picha ya mzigo wala ofa. Nina hesabu tu.

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka ofisi niliyoiacha mwaka jana. Nafasi yangu iko wazi tena, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara ule ule. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Nilibaki nimeshika simu, mteja amesimama kaunta anasubiri robo ya sukari, mpaka akaniuliza, "Vipi, kuna msiba?"

Hakuna msiba. Ila nilijua kwamba nikiwajibu kwa hasira au kwa kiburi nitakosea, kwa hiyo usiku nikatoa madaftari yote nikapiga hesabu. Nimeamua kuziweka hapa kwa sababu kila wiki naona mtu anaandika "acha kazi ya watu, jiajiri, uwe huru". Anapigiwa makofi, halafu haweki namba hata moja. Mimi naziweka. Kuna vijana wanasoma yale maneno wakiwa kazini, na kesho yake wanaandika barua ya kuacha kazi.

Mnijue kidogo. Nilimaliza kidato cha nne 2015, sikuendelea. 2017 nikapata kazi ya ukarani mjini Kasulu, ofisi moja ya mambo ya wakimbizi. Mnaotoka huku mnaelewa. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na Warundi walipoingia kwa wingi 2015 kazi za ofisi ziliongezeka Kasulu na Kibondo. Mimi nilikuwa napokea barua, naandika kitabu cha kupelekea, natunza hela ndogo ya ofisi na kupanga mafaili. Miaka 7. Kwa mtu wa kidato cha nne ilikuwa kazi ya kuonewa wivu, na mimi niliipenda.

Sikuacha kwa sababu ya ubaya wa mtu. Niliacha kwa sababu mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwaka tulikaa roho juu. Kambi ya Mtendeli kule Kakonko ilipofungwa 2021, nilishuhudia watu waliozoea kuitwa "wa ofisini" wakirudi nyumbani na begi. Nikasema mimi nitaondoka mwenyewe, nikiwa na mtaji mkononi. Nikatoa notisi ya siku 28, ambayo ndiyo sheria ya ajira inataka kwa anayelipwa kwa mwezi, nikakabidhi funguo, nikarudi Rungwe Mpya kwa mama.

Nilirudi na 2,400,000. Laki 5 ikaenda kwenye fremu, rafu, mizani na vifungashio. 1,500,000 ikawa mzigo. Laki 4 nikaiweka kando ya dharura. Dukani nauza vitu vya kila siku: sukari, sabuni, chumvi, madaftari. Mtandaoni nauza vitu vya kwetu kwa watu wa Dar, Mwanza na Dodoma: maharage ya njano, asali, mawese, dagaa na migebuka ya Kigoma. Wengi wa wateja wangu wa mbali ni watu wa huku huku waliohama, wanatafuta ladha ya nyumbani.

Sasa aibu ya kwanza. Mimi niliyekuwa naandika kila shilingi ya ofisi kwa miaka 7, miezi 4 ya mwanzo ya biashara yangu sikuandika kitu. Yani nilikuwa najiona nimetoka kifungoni. Makaratasi ya nini tena? Hela inaingia kwenye simu, natoa, nanunua, nakula, maisha yanaenda. Ile laki 4 ya dharura haikumaliza miezi miwili: 280,000 nilinunua simu nzuri ya kupigia picha, 120,000 nikachangia harusi ya binamu ili watu wasiseme kijana kaacha kazi kafulia.

Mwezi wa nne mama akaugua, akalazwa siku 6. Nikiwa kazini, bima ya afya ya ofisi ilikuwa inamhudumia na yeye kama mtegemezi wangu. Niliporudisha kitambulisho cha kazi, bima nayo ilikwisha, na mimi sikuwa nimefikiria hilo hata dakika moja. Hospitali ikala 380,000. Nilizitoa kwenye droo ya duka.

Aliporudi nyumbani salama, nikafunga duka siku nzima nikahesabu mzigo wote. Kutoka 1,500,000 nilikuta 900,000. Pungufu 600,000. Hospitali naijua, 380,000. Je, 220,000 nyingine? Jirani yangu wa fremu ya pili akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni chuma ulete, kuna mtu ananivuta hela, niende kwa mtaalamu.

Sikwenda. Nililala nikiwaza, na nikaanza kukumbuka: vocha hapa, chipsi pale, elfu 5 kwa mjomba, sabuni ya nyumbani nimebeba tu, mchele wa nyumbani nimepima tu. Chuma ulete nilikuwa mimi. Mganga angenidai laki nyingine juu ya ile iliyopotea.

Kesho yake nilifanya kitu ambacho ndicho kiini cha maoni yangu leo: niliirudisha ofisi dukani. Simaanishi meza na tai. Namaanisha vile vitabu vinne vya kukera ambavyo nilidhani nimevikimbia.

Cha kwanza, kitabu cha kupokea mzigo. Ofisini hakiingii kitu stoo bila kuandikwa: tarehe, kimetoka kwa nani, idadi, uzito. Mimi nilikuwa nanunua maharage kwa gunia, naambiwa "hili kilo 100" naamini. Nilipoanza kupima na kuchambua, magunia mengine yalinipa kilo 94 safi, baada ya kutoa mawe na yaliyotobolewa. Kilo 6 hizo nilikuwa nazilipia halafu nashangaa faida haionekani. Sasa nanunua kwa kilo, mizani iko mbele ya mkulima na yeye anasoma. Wala hagombani na mimi, kwa sababu mizani hiyo hiyo inamlinda na yeye siku gunia likizidi.

Cha pili, vocha ya hela ndogo. Hela ikitoka kwenye droo, naandika kikaratasi: kiasi, ya nini, nani kachukua. Hata 500. Hata mimi. Mama alipokuja kuchukua mche wa sabuni nikamwandikia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, unaniandikia mimi niliyekuzaa?" Nikamwambia mama, sikudai, ila duka linanidai mimi. Mwisho wa mwezi sabuni ile inakatwa kwenye mshahara wangu.

Cha tatu, kitabu cha kupeleka. Mzigo ukitoka kwenda stendi Kasulu, naandika jina la mteja, uzito, basi gani, siku gani, namba ya risiti ya mzigo, na napiga picha mzigo ukiwa umefungwa. Mteja mmoja wa Mwanza aliwahi kudai asali lita 10 haijafika. Zamani ningelia au ningetukana. Nilimtumia picha na risiti, akaenda nayo ofisi ya basi, dumu likapatikana kwenye stoo yao limewekwa chini ya mizigo mingine. Mteja yule sasa ananunua kila mwezi, na ameniletea wengine watatu. Uaminifu mtandaoni si maneno "tupo serious" kwenye wasifu. Ni karatasi unayoweza kuitoa siku ya ugomvi.

Cha nne, orodha ya mshahara. Tarehe 28 ya kila mwezi najilipa 250,000. Si zaidi, hata kama mwezi umekuwa mtamu. Nina laini mbili za simu: ya biashara, ambayo ndiyo ina lipa namba, na yangu. Mshahara unahama kutoka laini ya biashara kwenda yangu mara moja kwa mwezi, basi. Nikiishiwa tarehe 20, nimeishiwa kama zamani nilivyokuwa naishiwa nikiwa Kasulu. Mbona wakati ule sikuwa naingia kwa mhasibu kuchota hela?

Haya, hesabu zenyewe. Hizi ni wastani wa miezi 8, tangu nianze kuandika. Ile miezi 4 ya mwanzo siwezi kuwadanganya, siijui.

Mauzo kwa mwezi: 2,000,000.
Kununua mzigo na kuusafirisha: 1,440,000.
Inabaki: 560,000.
Fremu 25,000. Umeme 10,000. Bando na vocha 30,000. Vifungashio 35,000. Makato ya miamala 20,000. Kodi na leseni, nikigawa kwa miezi, 80,000. Hasara za kuharibika na madeni yaliyokufa 30,000. Jumla 230,000.
Faida: 330,000.
Mshahara wangu 250,000. Kinachorudi kwenye mtaji 80,000.

Ukisoma haraka utasema safi, anaendelea vizuri. Subiri tulinganishe na ofisi.

Ofisini mshahara ulikuwa 500,000. Baada ya NSSF 50,000 na kodi ya mshahara 14,400, mkononi inakuja 435,600. Kasulu nilikuwa natumia 205,000 kwa chumba, chakula, bodaboda na vocha. Mama 80,000. Mdogo wangu aliyeko chuo 60,000. Nabaki na 90,600.

Sasa hivi nakaa nyumbani, silipi chumba, chakula tunashirikiana. Natumia 70,000. Mama 60,000. Mdogo wangu 60,000. Nabaki na 60,000.

Kwa hiyo mfukoni napata pungufu ya 30,600 kila mwezi. Hiyo siyo mbaya sana, ningeweza kuitetea. Tatizo ni lile lisiloonekana mfukoni. Ofisini ile 50,000 yangu ya NSSF ilikuwa inaongezewa 50,000 na mwajiri. Ni 100,000 kila mwezi inakwenda kwenye uzee wangu. Mwaka mzima huu sijaweka hata shilingi. Ni 1,200,000 ambayo nimeiacha mezani. Ongeza bima ya afya. Ongeza likizo ya siku 28 ya kulipwa, wakati mimi nikifunga duka siku moja, siku hiyo sijauza.

Na mtaji? Kutoka 900,000 umepanda mpaka 1,540,000. Nilianza na 1,500,000. Mwaka mzima wa kuamka saa 11 alfajiri, nimeongeza elfu 40.

Ndiyo maana nakasirika na hizi posti za uhuru. Uhuru gani? Zamani nilikuwa na bosi mmoja. Sasa nina bosi kwenye kila namba inayonitumia ujumbe saa 5 usiku kuuliza "asali bei gani" wakati bei imeandikwa kwenye picha. Nilichoka mpaka nikaweka saa za kazi kwenye WhatsApp: mwisho saa 3 usiku, baada ya hapo jibu ni asubuhi. Niliogopa nitapoteza wateja. Sijaona niliyempoteza.

Kwa hiyo nirudi ofisini? Karatasi inasema rudi. Niliisoma hiyo karatasi mara tatu, nikamwonyesha mama. Mama hakusoma, aliuliza kitu kimoja: "Ada ya mwenzako ya mwaka wa mwisho itatoka?" Nikamwambia itatoka kokote nitakakokuwa. Akasema basi mengine ni yako.

Kuna namba moja ambayo wastani unaificha, na ndiyo iliyoniamulia. Ile 80,000 inayorudi kwenye mtaji haikuwa 80,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza wa kuandika ilikuwa 20,000. Ukafuata 20,000 tena, halafu 40,000, 60,000, 110,000, na miezi mitatu ya mwisho 130,000 kila mmoja. Duka la leo siyo duka la mwezi wa tano. Mshahara wa ofisi mwaka huu ungekuwa 500,000, mkataba ukiisha ungekuwa sifuri au 500,000 ile ile, na uamuzi huo haungekuwa wangu. Mwaka huu pia mdogo wangu anamaliza, ile 60,000 yake inafunguka.

Jana niliwajibu: nashukuru sana, hapana. Nikawapa namba ya dada mmoja niliyemfundisha kazi, ana watoto wawili na anaihitaji.

Lakini sijasema hapana ya milele, na hapa ndipo natofautiana na watu wa motisha. Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: baada ya miezi 6, mtaji uwe 2,200,000, huku nikiwa najilipa mshahara wangu na sijakopa. Nikiendelea na 130,000 nitaufikia na kuupita. Nisipofikia, naandika barua ya kuomba kazi, na sitamficha mtu. Kurudi kazini siyo kushindwa. Kushindwa ni kula mtaji mpaka uishe kwa sababu unaona haya kuonekana umerudi. Nawajua watu waliouza mpaka mizani kwa ajili ya haya hiyo.

Na nimeongeza mistari miwili kwenye matumizi, kuanzia mwezi huu. Wa kwanza ni NSSF, maana inapokea pia sisi tuliojiajiri. Nitaanza na kidogo, ila nitaanza. Wa pili ni bima. Mama alijiunga na CHF iliyoboreshwa alipotoka hospitali, wakati huo ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Haifiki kila mahali kama bima ya ofisini, ila ingekuwepo mwezi ule wa nne, huenda duka lisingetikisika vile.

Kwa wewe ambaye uko kazini na unataka kutoka, nakuomba mambo machache kabla hujaandika barua.

Anza biashara ukiwa bado na mshahara, hata kama ni kuuza kilo 20 za maharage kwa mwezi kwenye stetasi. Andika miezi 6. Ukishindwa kuandika ukiwa na mshahara, utashindwa zaidi ukiwa huna.

Unapolinganisha mshahara na faida, usichukue kile cha mkononi tu. Jumlisha NSSF ya mwajiri, bima, likizo. Mimi nililinganisha 435,600 na ndoto zangu, ndiyo maana nilikosea.

Hela ya dharura iwe ya dharura. Simu nzuri siyo dharura. Harusi ya binamu siyo dharura, na binamu akikununia atakusamehe siku ukiwa na duka.

Usitoke na kinyongo. Mimi niliaga vizuri, nikakabidhi kila faili, ndiyo maana simu ilipigwa tena. Mlango ulioufunga taratibu ni mtaji na wenyewe.

Na kwa nyie ambao mko dukani tayari, hamjawahi kukaa ofisini hata siku moja: hamhitaji kukaa. Daftari kubwa linatosha. Ligawe sehemu nne: kilichoingia, kilichotoka kwenye droo, kilichopelekwa kwa mteja, na mshahara wako wa tarehe moja. Usiku huu, kabla ya kulala, hesabu mzigo wote ulio nao uandike jumla yake na tarehe. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Bila hiyo, mwakani mtu akikuuliza biashara inaendaje utasema "tunamshukuru Mungu", kama mimi nilivyosema miezi minne mizima huku nikila mtaji.

Mwenye kuona nimekosea kuikataa kazi aniambie, ila aje na hesabu. Mimi kesho alfajiri napeleka kilo 60 za maharage na madumu matatu ya mawese stendi. Tayari nimeshayaandika.